Kabla Hujamtaja Wifi, Liangalie Tundu



Leo hatuna mapishi wala hatuna mshono mpya. Leo tuna ugomvi, na tunausema waziwazi asije mtu akadhani tumemzunguka. Tunagombana na yale maneno mawili yanayotoka mdomoni pale tu mwanamke anapofungua kabati akakuta dera lake lina vitundu vitatu vinne, vidogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti: "Kuna mtu." Hajaishika nguo akaiweka kwenye mwanga, hajaigeuza ndani nje, hajauliza imefuliwa na nini. Kuna mtu! Na huyo mtu, hebu tazameni anavyochaguliwa, hawi kamwe dada wa tumbo moja wala shoga wa chanda na pete. Huwa wifi. Asipokuwa wifi huwa mke mwenza. Asipokuwa mke mwenza basi ni yule msichana wa kazi aliyeletwa kutoka shamba mwezi uliopita, ambaye hana wa kumsemea.

Tumechoka nayo. Tunaijua nyumba moja, hatutaitaja, ambayo binti aliolewa akiwa na furaha yake, na hata miezi mitatu haikutimia vitundu vikaonekana kwenye mitandio. Vyote upande wa kushoto, karibu na sikio na chini ya kidevu. Mama akaambiwa, khaloo akaambiwa, akaitwa mtu wa kuja "kuangalia". Mtu huyo akatazama juu, akatazama chini, akasema humu ndani kuna mkono wa mwanamke mfupi mweupe. Wifi ni mfupi, tena mweupe. Mpaka leo mume na dada yake hawapeani mkono wa Idi. Na mitandio yenyewe ilikuwa ya shifoni, na binti alikuwa akiifunga kwa pini kila siku ya Mungu, upande wa kushoto, karibu na sikio na chini ya kidevu.

Tusieleweke vibaya. Hatukanushi jicho. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa lipo, nyiradi za asubuhi na jioni hatuziachi, wala hatumshauri bibi harusi yeyote aziache. Lakini dini hiyo hiyo iliyotufundisha kinga ndiyo iliyotukataza dhana. Fungueni Surat al-Hujurat, aya ya 12, muisome kwa utulivu. Ndani ya aya moja tumekatazwa dhana mbaya, tumekatazwa kupelelezana na tumekatazwa kusengenyana. Anayemtaja wifi yake kwa sababu ya tundu la fulana huyafanya yote matatu kabla ya adhuhuri. Na anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani kanitobolea, hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inajulikana: sala zake hazikubaliwi siku 40. Siku 40 za sala kwa ajili ya dera! Dukani hatujaliona dera la bei hiyo.

Sasa twende kwenye tundu lenyewe, maana tundu halisemi uongo. Kila tundu lina mahali pake, lina ukingo wake, na liko kwenye kitambaa cha aina fulani. Ukivijua hivyo vitatu, mara nyingi umeshamjua mhalifu, na mhalifu huyo hana jina la mtu.

Wa kwanza kusingiziwa baada ya binaadamu ni nondo. Maskini nondo! Yule mwenye mbawa anayerukaruka ukiwasha taa hali nguo kabisa. Anayekula ni buu wa aina chache za nondo wadogo wanaopenda giza, na hao unaowaona wakizunguka taa ya ukumbini kwa kawaida si wao. Tena buu huyo anapenda vitu vilivyotoka kwa mnyama: sufu, manyoya, mara nyengine hariri. Pamba safi haimshibishi. Ukimkuta kwenye pamba, amefuata jasho, mafuta ya nywele au mchuzi uliokaukia. Poliesta ndiyo kabisa, si chakula chake. Haya, fungua kabati lako sasa hivi uhesabu nguo za sufu. Labda suti ya bwana harusi. Labda shali uliyoletewa kutoka Muscat. Basi. Buibui lako ni poliesta, dera lako ni reyoni au mchanganyiko, fulana yako ni pamba. Nondo atafuata nini humo?

Wadudu wa kweli wa makabati yetu ya kisiwani ni wengine. Kuna kile kijidudu cha rangi ya fedha, hakina mbawa, kinateleza kama tone la zebaki ukifungua sanduku la bibi au kitabu kilichokaa muda mrefu. Hicho kinapenda wanga, na kanga mpya isiyofuliwa imejaa wanga. Ndiyo maana mtu anaweka doti zake kumi sandukuni "zikae mpya", anazifungua baada ya miaka miwili anakuta zimeparuzwaparuzwa na kutoboka pale zilipokunjwa. Mende naye anatafuna penye wanga na penye mabaki ya chakula. Panya hatumhesabu, kwa sababu panya hatoboi vitundu, panya anafanya karamu. Na juu ya wote kuna unyevu wetu wenyewe. Masika ikiingia, nguo iliyokunjwa ikiwa haijakauka sawasawa huota kawa, na ile kawa ni kuvu anayekula pamba yenyewe. Unaona vidoto vyeusi leo, unafua, unafua, baada ya muda penye kidoto pamelegea na kidole kinapita. Kanga unayotaka ikae, ifue, itoe wanga, ikauke kabisa, kisha uikunje. Ukiambiwa na wazee kuwa kanga isifuliwe mpaka siku ya kuvaliwa, walikuwa wanasema juu ya rangi na mng'ao, hawakuwa wanasema juu ya sanduku la miaka miwili.

Tuje kwenye jiki, maana hapa ndipo wasichana wa kazi wanapodhulumiwa. Dawa ya klorini ikimwagika nzito kwenye pamba haitoboi siku ile. Inaharibu uzi ndani kwa ndani. Nguo inabaki nzima, labda na doa jeupe dogo ambalo kwenye nguo nyeupe wala hulioni, halafu baada ya kufuliwa mara tatu au nne pale mahali panakatika. Kwa hivyo aliyemwaga ni mama wa nyumba mwenyewe siku ya Ijumaa akisugua choo, na aliyekuwa na nguo mikononi siku tundu lilipotokea ni msichana wa kazi. Anakatwa mshahara huyo. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja, na tunayaita kwa jina lake, dhulma. Kwenye hariri na sufu jiki ni balaa kubwa zaidi, inaziyeyusha. Nguo yako ya harusi ikiwa ya hariri kweli, jiki isikae nayo hata chumba kimoja. Na nguo za kuvutika, zile zenye uzi wa mpira ndani yake, klorini inakata ule mpira, nguo inalegea na kutoa vinyuzi vifupi vyeupe kama nywele za mzee.

Maji ya betri yana hila hiyo hiyo. Siku hizi nyumba nyingi zina betri ya sola au ya kuhifadhi umeme, imewekwa uchochoroni, na pengine kamba ya nguo inapita hapo hapo juu yake. Tone moja la asidi kwenye kanga halionekani. Linakauka, linazidi ukali, na siku ya kufua unatoa kanga kwenye beseni ina matundu ya mviringo kama imepigwa risasi za mchanga. Dawa za choo zenye asidi nazo ni hivyo hivyo. Namna ya kutambua ni rahisi: pamba imetoboka na poliesta iliyokuwa nayo kwenye kamba moja haina kitu. Asidi nyepesi inakula pamba, poliesta inaihimili. Jicho la hasidi lingejuaje kuchagua pamba?

Na sasa tuseme lile ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Udi.

Tunaupenda udi. Hatutaki nyumba isiyo na chetezo wala bibi harusi asiyenukia. Lakini mkaa hutoa cheche, hasa mkaa mbichi au wenye unyevu, na vile vya kuwashwa kwa kiberiti ndiyo kabisa, huruka cheche vinapoanza kushika. Cheche moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikigusa buibui la poliesta inayeyusha. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 260 hivi, na mkaa unaowaka unapita hapo kwa mbali. Pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Ukisikia kigumu, kama ushanga mdogo au kama ukingo wa plastiki iliyoungua, usiendelee kutafuta mtu. Ni chetezo. Kwenye pamba ukingo unakuwa wa kahawia na unavunjikavunjika. Tunaona vitundu hivi zaidi sehemu za chini za buibui na ndani ya mapaja, na kila mwanamke wa kisiwa hiki anajua kwa nini, hatuhitaji kueleza tunavyojifukiza. Subirini mkaa ushike majivu meupe kwanza, ndipo muweke udi, na nguo iwe mbali kidogo. Wale wa kufukiza nguo juu ya tenga waache nafasi ya kutosha baina ya chetezo na nguo.

Pini tumeshazisema, ila tuongeze neno. Pini inayotoboa shifoni mara moja haiachi alama. Pini inayotoboa pale pale mara 200 inaacha tundu, na pini yenye kutu inaacha tundu lenye duara la kahawia, kwa sababu kutu nayo inakula uzi. Pini za sumaku zipo madukani, bei yake si ya kutisha, na hazitoboi. Asiyetaka sumaku abadilishe upande. Leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa afunge bila pini kama walivyofunga bibi zetu, na vichwa vyao havikuanguka.

Halafu kuna vile vitundu vya tumboni, chini kidogo ya kitovu, kwenye fulana na madera. Hivi ndivyo vinavyowatia watu hofu kubwa kuliko vyote, kwa sababu ya mahali vilipo. Tumbo! Kitovu! Mara utasikia mtu anataka kumfunga uzazi. Dada, simama mbele ya karo lako la kuoshea vyombo. Ukingo wa karo unakugusa wapi? Hapo hapo. Sasa tia ndani ya dera suruali yenye kifungo cha chuma, au sketi yenye zipu, uoshe vyombo, ukate mboga, ukande unga, mara tatu kwa siku. Kitambaa kinasagwa baina ya chuma na saruji kama nafaka baina ya mawe mawili. Nguo nyepesi inatoboka wiki chache tu. Vaa aproni, au kanga juu yake, uone kama vitaendelea. Vilivyopo nyuma, makalioni, uulize ubaraza wa saruji na mbuzi ya nazi. Vilivyopo begani uulize mkoba. Vya kwenye mkono uulize bangili na pete ya jiwe, na zile shanga tulizozibandika kwenye mikono ya mabuibui mpaka mkono mmoja ukawa msasa wa kusugulia mwengine. Hatuna la kusema juu ya viti vya daladala vilivyochomoza waya, maana tukianza hatutamaliza.

Ufuaji unastahili makala yake peke yake, ila moja hatuliachi. Pamba ikiwa majimaji inakuwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Reyoni kinyume chake: ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Na madera mengi mepesi yanayoteremka vizuri mwilini, yanayoshikika baridi, ni reyoni. Unayaloweka usiku kucha, asubuhi unayaweka kwenye sakafu ya saruji, unachukua brashi ngumu ya kusugulia mkeka, unasugua. Unasugua nguo wakati ambapo iko dhaifu kuliko saa nyengine zote za maisha yake. Wanaofulia mashine nao wasijione wamepona. Zipu iliyoachwa wazi na vikulabu vya sidiria vinazunguka na nguo nyepesi kama visu. Funga zipu, funga vikulabu, tia sidiria kwenye mfuko wa wavu au hata foronya ya mto iliyofungwa mdomo. Anika nguo imegeuzwa ndani nje, na iondolewe ikikauka, kwa sababu jua letu la saa saba mchana huvunja nyuzi kama linavyopausha rangi.

Vitundu vikijipanga mstari kandokando ya mshono, nguo ya kuvutika, baada ya kufuliwa mara ya kwanza tu, hapo mpelekee fundi. Sindano butu au isiyo ya kitambaa hicho hukata vinyuzi badala ya kupita baina yake. Kuna sindano za ncha ya mviringo kwa ajili hiyo, na fundi anayejua kazi anazo. Mpelekee kwa adabu, lakini mpelekee.

Sasa ugomvi wetu mkubwa, na huu si na wifi wala fundi. Ni na begi.

Kwa nini nguo za leo zinatoboka haraka hivi? Kwa sababu ni nyembamba. Kitambaa cha fulana hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na fulana nzito nzuri huwa kama 180, nyepesi huwa 140 au chini ya hapo. Uzi mwembamba, uliosokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, ukikatika mmoja tu wenziwe wanafumuka. Nguo hizo zinatengenezwa kwa sababu zinanunuliwa, na kwetu zinanunuliwa kwa sababu begi la bibi harusi linahesabiwa. Madera mangapi? Mabuibui mangapi? Doti ngapi za kanga? Wanaolipokea wanalifungua mbele za watu, wanahesabu kwa sauti, na hakuna hata mmoja anayenyanyua dera akaliweka kwenye mwanga wa dirisha. Bwana harusi maskini ana pesa za madera sita mazuri. Anaambiwa ishirini. Atafanya nini? Ananunua ishirini ya karatasi. Fungate haijesha yameanza kutoboka, na walewale waliotaka ishirini ndio wanaosema bibi harusi ametiwa jicho kwa wingi wa nguo zake!

Hebu tufanye hesabu ya kitoto. Tuseme dera jembamba ni shilingi 15,000 na linakaa miezi minne. Kwa miaka miwili utanunua sita, hiyo ni 90,000. Dera zito la 35,000 likikaa miaka hiyo miwili umebakiwa na 55,000 mkononi. Na kuna la stara. Kitambaa ambacho vidole vyako vinaonekana ukikishika kwenye mwanga, mwili wako nao utaonekana ukisimama mlangoni na jua liko nyuma yako. Tunatumia pesa kununua shimizi za kuvaa ndani ya nguo ambayo kazi yake ilikuwa kusitiri. Kina mama mnaokaa kupanga begi, na mnajijua, punguzeni idadi. Mwambieni upande wa mume: tunataka machache, tunataka ya kitambaa kizito. Hakuna mume atakayekasirika kwa ombi hilo.

Tunabakiwa na jambo moja, na kwa hili hatufanyi mzaha hata kidogo.

Baada ya kuona vitundu, wengi wenu mnakimbilia vile vidonge vyeupe vya kabatini, vya naftalini, vyenye harufu kali ya choo cha zamani. Wengine mnaviita kafuri, ingawa kafuri ni kitu chengine. Mnavitia kila droo, na mama mkwe anavitia kwenye sanduku la nguo za mtoto anayengojewa, kwa nia njema kabisa. Mnaona kidonge kinapungua siku hata siku mpaka kinakwisha. Kimekwenda wapi? Kimegeuka hewa, hewa hiyo imeingia kwenye nguo, na kutoka kwenye nguo inaingia kwenye pua na ngozi ya atakayezivaa.

Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hali hii imeenea zaidi katika nchi zilizoishi na malaria karne nyingi, nasi tumo. Mtu anaweza kuwa nayo maisha yake yote asijue. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa fulana iliyolala na naftalini, chembe zake za damu zinaweza kupasuka kwa wingi, macho na ngozi vikawa vya manjano, na ule umanjano ukizidi unaingia kwenye ubongo. Wapo waliobaki viziwi au walemavu. Wapo waliofariki. Madaktari wa watoto Nigeria wamekuwa wakiyaandika haya kwa miaka mingi, kwa sababu huko nako nguo za mtoto huwekewa vidonge hivi. Watoto wa kiume ndio wanaoathirika zaidi. Hina nayo, kwa njia hiyo hiyo, inaweza kumdhuru mtoto mchanga mwenye hali hii, kwa hivyo vidole vya miguu vya mtoto wa siku saba viachwe bila ya hina, hata bibi akinuna.

Kwa hiyo nguo za mtoto zisikutane na vidonge hivyo kabisa. Ikiwa zimeshakutana, zifueni zaidi ya mara moja na zianikwe juani siku kadhaa mpaka harufu iishe, na bora zaidi muazime nguo nyengine. Mtoto akionekana wa manjano, hospitali siku hiyo hiyo, msingoje jua la asubuhi limtibu, na mwambieni daktari kuwa nguo zilikuwa na naftalini.

Na mnasumbuka bure, maana tumeshaona kuwa nguo zenu nyingi si chakula cha nondo. Suti na shali ya sufu zisafishwe, zikauke, zitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Mkiwa na wasiwasi kwamba mayai yameshatagwa, mfuko huo ukae kwenye friza wiki mbili, buu na mayai yake watakufa. Karafuu tunazipenda, ni zetu, na sanduku linalonukia karafuu ni raha kulifungua. Lakini harufu peke yake haiui mdudu. Tieni kwa ajili ya pua zenu.

Tundu lililokwisha kuwa tundu linashonwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe nyumbani, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bi Aisha (R.A.), kwa hivyo hakuna kati yetu aliye mkubwa kuliko sindano. Kwenye fulana anza kulishona likiwa dogo, uzi mwembamba wa rangi ile ile, ukiviokota vile vitanzi vilivyoachia kabla hujavuta. Kwenye buibui lililoungua na udi, bandika kipande kidogo cha kitambaa kile kile kwa ndani. Mafundi huwa wanabakiwa na vipande, muombe.

Na wewe uliyemkata msichana wa kazi mshahara wake kwa tundu la jiki: nambari yake ya simu bado unayo. Mpelekee pesa zake leo, zote, na umwambie zilikuwa za nini.